Waliobaki Vitandani: Hospitali ya Futaba na Ajali ya Nyuklia ya 2011

Wiki hii zamu ya kuandika historia ni yangu, na mada yangu itawashangaza kidogo: jinsi hospitali zinavyojipanga kwa ajali ya nyuklia. Najua kuna mtu tayari anasema, "We nawe, sisi huku tunahangaika na maji na kuni, nyuklia inatuhusu nini?" Ningeweza kujibu kwamba urani nyingi iliyotengenezea mabomu ya 1945 ilichimbwa kwetu, Shinkolobwe, Katanga. Lakini sababu yangu si hiyo.

Nyumbani kwetu, upande wa Fizi, shangazi yangu alikuwa muuguzi kwenye kituo kidogo cha afya. Siku tuliyokimbia, wenye miguu walikimbia. Kituoni walibaki wagonjwa wachache: mama aliyejifungua kwa shida usiku huo, mzee aliyepooza, na mtoto mwenye dripu. Shangazi alitoka kwenda ziwani kutafuta mtumbwi wa kuwabeba. Alipotaka kurudi, njia ilikuwa imeshafungwa. Mpaka leo kuna watu wanasema, "Yule nesi aliwaacha wagonjwa wake." Yeye hajibu. Anaendelea kuchambua maharage.

Nilipoanza kusoma habari za Fukushima nilikuwa natafuta habari za mionzi. Kumbe nilichokuta ni hadithi ya shangazi yangu, huko Japani, kwenye nchi yenye treni za kasi na pesa nyingi. Ndo maana naandika.

Onyo la mwaka 1979

Tuanzie mbali kidogo. Tarehe 28 Machi 1979, kinu kimoja cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, Marekani, kilipoteza maji ya kukipoza na sehemu ya kiini chake ikayeyuka. Siku mbili baadaye gavana aliwashauri wajawazito na watoto wadogo walioko ndani ya kilomita 8 waondoke. Mipango ya dharura iliyokuwepo ilikuwa ya umbali huohuo, kilomita 8.

Halafu wakubwa wakaanza kuwaza: vipi hali ikizidi? Wakataka mpango wa kilomita 16, kisha wa kilomita 32. Kwenye ramani ni kazi rahisi, unachora tu duara kubwa zaidi. Lakini tume iliyoteuliwa na Rais Carter ilieleza baadaye maana ya duara lile la kilomita 32: watu 650,000, hospitali 13 na gereza moja. Hebu fikiria, hospitali 13! Watu walio kwenye oksijeni, waliofanyiwa upasuaji jana, watoto njiti. Nani anawabeba? Kwa gari gani? Wanapelekwa wapi?

Bahati nzuri amri ya kuwahamisha watu wote haikutolewa, na maswali hayo hayakujibiwa kwa vitendo. Lakini onyo lilikuwa limeshatolewa: duara likiongezeka, idadi ya wasioweza kutembea inaongezeka pia.

Mpango wa Japani ulivyokuwa

Japani nayo ilikuwa na mpango. Tusije tukasema walilala. Tarehe 30 Septemba 1999, kwenye kiwanda cha mafuta ya nyuklia kijijini Tokaimura, wafanyakazi 3 walikuwa wanachanganya urani kwa ndoo, kinyume cha utaratibu. Mmenyuko wa nyuklia ukaanza pale pale ndani ya tangi. Wawili kati yao walikufa baada ya miezi ya matibabu. Watu wapatao 310,000 wa eneo lile waliambiwa wabaki ndani ya nyumba.

Mwaka huohuo Japani ikapitisha sheria maalumu ya dharura za nyuklia. Zikatengwa hospitali za kupokea majeruhi wa mionzi, kwa ngazi: za karibu na mtambo kwa huduma ya kwanza, kisha kubwa zaidi, kisha zile za rufaa za taifa. Vikajengwa pia vituo vya uongozi wa dharura karibu na mitambo. Watu walifanya mazoezi.

Kwa hiyo tatizo halikuwa kukosa mpango. Tatizo ni picha iliyokuwa ndani ya mpango. Picha ilikuwa hii: wafanyakazi wachache wa mtambo wameumia, wana mionzi mwilini, wanaletwa hospitalini, madaktari wamevaa mavazi ya kujikinga wanawasubiri. Yaani mpango ulimwaza mgonjwa anayekuja hospitalini. Haukuwaza siku ambayo hospitali yenyewe inatakiwa kuondoka.

Siku tano za Machi

Tarehe 11 Machi 2011, saa 8 na dakika 46 mchana, tetemeko la kipimo cha 9.0 lilipiga kaskazini-mashariki mwa Japani. Vinu vya Fukushima Daiichi vilivyokuwa vinafanya kazi vilijizima vyenyewe kama vilivyotakiwa. Lakini kinu cha nyuklia si jiko la mkaa, hukizimi kikapoa palepale. Kinaendelea kutoa joto kali, na lazima maji yazunguke kukipoza kwa siku nyingi. Tsunami ikaja, ikafurika na kuharibu majenereta na mitambo ya umeme. Bila umeme, pampu zikasimama.

Usiku huohuo amri ikatolewa: walio ndani ya kilomita 3 waondoke. Alfajiri ya tarehe 12 ikawa kilomita 10. Mchana jengo la kinu namba 1 likalipuka, na jioni ikawa kilomita 20. Ndani ya siku moja duara limepanuliwa mara mbili. Mnakumbuka Pennsylvania?

Hospitali ya Futaba ilikuwa mjini Okuma, kilomita 4 na nusu hivi kutoka kwenye mtambo. Ilikuwa na wagonjwa wapatao 340, wengi wazee, wengi wenye magonjwa ya akili au kupoteza kumbukumbu, na wengine hawakuweza hata kugeuka kitandani bila msaada. Jirani yake kulikuwa na makao ya wazee 98, chini ya uongozi uleule.

Tarehe 12 mabasi yalikuja. Wagonjwa 209, wale walioweza kutembea au kukaa, wakapanda pamoja na wafanyakazi karibu wote. Wafanyakazi waliondoka wakijua mabasi mengine yanafuata kuwachukua waliobaki. Huku nyuma, viongozi wa mji wakadhani hospitali nzima imeshaondoka. Simu hazifanyi kazi, umeme hakuna, maji hakuna. Mkurugenzi wa hospitali akabaki na wasaidizi wachache sana, wagonjwa wapatao 130, na wale wazee 98 wa jirani.

Siku nzima ya tarehe 13 hakuna aliyekuja.

Tarehe 14 asubuhi ndo jeshi likafika. Wakawachukua wazee wote 98 na wagonjwa 34. Hapa ndugu zangu someni polepole. Watu hawa, ambao wengi walikuwa wanalala muda wote na wengine wakilishwa kwa mpira, walikalishwa kwenye viti vya basi. Kwanza walipelekwa kaskazini, Minamisoma, wapimwe mionzi. Kisha wakazungushwa kupitia mji wa Fukushima mpaka Iwaki, ulioko kusini, kwa sababu barabara ya moja kwa moja ilipita kwenye eneo la hatari. Safari ikawa ya zaidi ya kilomita 200 na zaidi ya saa 9. Walifika usiku kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari. Machi kule bado ni baridi. Ukumbini hapakuwa na vitanda vya hospitali wala dawa za kutosha. Wengine walikufa ndani ya basi. Wengine walikufa sakafuni kwenye ule ukumbi.

Waliobaki Futaba walichukuliwa kwa awamu, mpaka usiku wa kuamkia tarehe 16. Mpaka mwisho wa Machi, waliokufa kutoka hospitali hiyo na makao yale ya wazee walikuwa wapatao 50.

Mionzi haikuwaua

Wenzangu, watu hawa hawakuuawa na mionzi. Madaktari walioandika kuhusu vifo vya uhamisho ule wanataja baridi, upungufu wa maji mwilini, na magonjwa waliyokuwa nayo kuzidi kwa kukosa uangalizi. Tume huru iliyoundwa na Bunge la Japani ilihesabu wagonjwa wasiopungua 60 waliokufa mwezi ule kwa sababu zinazohusiana na kuhamishwa. Kwa upande mwingine, hakuna hata mtu mmoja, mfanyakazi wala raia, aliyekufa kwa ugonjwa wa ghafla wa mionzi pale Fukushima.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mionzi ni mchezo. Chernobyl mwaka 1986 wafanyakazi na wazimamoto 134 walithibitishwa kuugua ugonjwa wa mionzi, na 28 kati yao walikufa ndani ya miezi michache. Ninachosema ni kwamba hatari zilikuwa mbili, mionzi na safari, lakini kwenye mizani iliwekwa moja tu.

Hofu nayo iliongeza mzigo. Sehemu nyingine watu hawakupokelewa mpaka waonyeshe kwamba wameshapimwa mionzi. Lakini kanuni ya tiba ya dharura za mionzi ni hii: okoa maisha kwanza, kupima baadaye. Mtu mwenye vumbi la mionzi ukimvua nguo za nje umeondoa sehemu kubwa ya uchafu, kisha unamsafisha kwa maji na sabuni. Nesi mwenye glovu, barakoa na gauni anaweza kumhudumia bila hatari kubwa. Kumchelewesha mtu anayekata roho ili upate cheti ni kugeuza utaratibu chini juu.

Hata zile hospitali maalumu za mionzi, baadhi zilikuwa ndani ya kilomita 10 za mtambo. Zikafungwa pamoja na nyingine zote. Kituo cha uongozi wa dharura nacho kilikuwa Okuma, kilomita 5 tu kutoka kwenye mtambo, bila vichujio vya kuzuia hewa yenye mionzi. Tarehe 15 nacho kikahamishwa. Ni kama kuweka ndoo ya kuzimia moto ndani ya nyumba inayoungua.

"Waliwaacha wagonjwa"

Tarehe 17 Machi, serikali ya mkoa wa Fukushima ilitangaza kwamba jeshi lilipofika Futaba halikukuta mhudumu hata mmoja. Magazeti yakabeba. Nchi nzima ikasikia kwamba madaktari wamekimbia na kuwaacha wazee wafe.

Ukweli ulikuja taratibu. Usiku wa tarehe 14, kinu namba 2 kilipokuwa hatarini, polisi walimtaka mkurugenzi na wenzake waliobaki waondoke pamoja nao. Wakaenda kusubiri kwenye barabara ya mlimani, upande wa kijiji cha Kawauchi, wakitegemea kukutana na jeshi na kurudi nalo hospitalini. Jeshi likapita njia nyingine. Hawakukutana. Baadaye mkoa ukasahihisha taarifa yake, lakini ninyi mnajua jinsi masahihisho yanavyotembea. Uvumi unapanda pikipiki, masahihisho yanakwenda kwa miguu.

Nilimsimulia shangazi habari hii jioni moja. Alisikiliza mpaka mwisho, akaacha maharage. Akauliza, "Huyo daktari alisubiri barabarani muda gani?" Nikamwambia walisubiri usiku. Akasema, "Mimi nilisubiri ziwani mpaka asubuhi." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitamka hilo.

Kesi nayo ilifika mahakamani. Viongozi 3 wa zamani wa kampuni ya umeme ya TEPCO walishtakiwa kwa uzembe uliosababisha vifo vya watu 44, wakiwemo wagonjwa wa Futaba. Mwaka 2019 mahakama ya Tokyo iliwaachia huru, na mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo mwaka 2023. Familia zilibaki na makaburi, na hakuna aliyetiwa hatiani.

Waliokaa, na waliojiandaa kabla ya kuondoka

Kulikuwa na njia nyingine? Ilikuwepo, na ushahidi upo.

Kilomita 22 kusini mwa mtambo, mjini Hirono, kulikuwa na Hospitali ya Takano. Ilikuwa nje kidogo ya lile duara la kilomita 20, kwenye eneo ambalo watu waliambiwa wabaki ndani. Mkurugenzi wake, Dkt. Hideo Takano, ambaye alikuwa mzee tayari, aliona kwamba wagonjwa wake dhaifu kabisa hawataimudu safari. Alibaki nao pamoja na wauguzi wachache. Hakuwa mbishi wa amri. Alipima hatari zote mbili, ya kukaa na ya kusafiri, mgonjwa kwa mgonjwa.

Kijiji cha Iitate kilipoamriwa kuhama miezi ile, makao ya wazee wapatao 100 yaliruhusiwa kubaki. Wahudumu waliishi nje, wakawa wanaingia kila siku kufanya kazi.

Watafiti nao walifuatilia wakazi wa makao 5 ya wazee ya Minamisoma. Waligundua kwamba baada ya kuhamishwa, vifo viliongezeka karibu mara 2.7 ukilinganisha na miaka iliyotangulia. Lakini si makao yote yalipata hasara sawa. Pale ambapo uhamisho ulipangwa, wahudumu wakasafiri na wazee wao, na mahali pa kufikia pakajua anayekuja anakula nini na anatumia dawa gani, hali ilikuwa nafuu zaidi. Kwa hiyo kuhama kwenyewe si lazima kuue. Kinachoua ni kuhama bila faili, bila nesi, bila maji, bila kujua unakofikia.

Japani imebadilisha mengi. Leo hospitali na makao ya wazee ndani ya kilomita 30 za mtambo yanatakiwa kuwa na mpango wa kuhamisha watu, wenye jina la mahali pa kufikia. Kwa walio karibu kabisa, ndani ya kilomita 5, wasioweza kusafiri salama wanawekwa kwanza kwenye jengo lenye kuta nene na vichujio vya hewa mpaka gari sahihi na wahudumu wafike. Na Machi 2021, mahakama ya Mito ilizuia mtambo wa Tokai namba 2 usiwashwe, kwa sababu mipango ya kuwahamisha watu wapatao 940,000 wanaoishi ndani ya kilomita 30 haikutosha. Kijiji ni kilekile cha Tokai cha mwaka 1999. Safari hii hakimu aliuliza kabla ya ajali: hawa watu mtawatoaje?

Na sisi

Turudi nyumbani, yaani hapa tulipo. Kambini kwetu hakuna kinu cha nyuklia. Lakini tuna moto wa mahema, tuna mafuriko, tuna kipindupindu, na kila mara tunasikia habari za kuhamishwa kwenda zoni nyingine au kurudishwa nyumbani. Kila mojawapo ya siku hizo kutakuwa na mtu anayechora mstari kwenye ramani na kusema "wote watoke."

Dada na kaka wa mashirika, naomba kwa heshima. Mkipanga siku hiyo, msianze na idadi ya mabasi. Anzeni na wasioweza kupanda basi. Wako wangapi? Nani anasafiri nao? Karatasi zao za dawa ziko wapi? Wanafikia kitanda gani? Nani anarudi kuhakikisha hakuna aliyebaki, na simu zikikatika anamwambia nani? Futaba ilikosa jibu la haya yote ndani ya siku tano tu, na ilikuwa kwenye nchi tajiri.

Na ninyi vijana wenzangu, kazi moja wiki hii. Zunguka majirani zako kwa adabu, pitia kwa wazee wa zoni kwanza. Hesabu wale ambao hawawezi kukimbia: bibi aliyelala, kaka wa dialisisi, mama wa juzi mwenye mshono, mtoto asiyetembea. Msiandike majina yao humu, hayo ni siri yao. Andikeni idadi tu, na mmepanga nani anambeba nani. Kwenye mtaa wangu wako 7. Wawili nimeshapata wa kuwabeba, watano bado. Shangazi amesema yeye ataandika karatasi za dawa, za wote saba.